Baiskeli ya Kumfaa Taaka

Busia, upande wa Kenya
Jumapili, 16 Novemba 1975

Kwa dada yangu mpendwa Ajambo,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, na kabla ya neno jingine lolote naomba kujua hali yako. Je, goti lililokusumbua wakati wa palizi limetulia? Mama anakula vizuri? Hajarah, anayevuka kuja huku kila siku ya soko, aliniambia mwezi uliopita kwamba kikohozi chake kimepungua tangu aanze kunywa maziwa ya moto, nami nilifurahi, ingawa habari za Hajarah huzipokea kwa tahadhari, kwa kuwa ni mfanyabiashara na hapendi kufikisha kitu kibaya kwa mteja. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kuwajazia wenye malori hati za forodha bado ipo. Chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa ghala. Jioni husoma gazeti kwa sauti ili chumbani pawe na mtu anayezungumza.

Najua utatabasamu kwa namna ninavyoanza. Wewe na marehemu mke wangu mlikuwa mkisema kwamba hata nikiomba chumvi mezani ninahutubia, na kwamba nilipokuwa mwalimu kule Tororo wanafunzi walipiga makofi nilipowaagiza wafungue vitabu. Nivumilie. Hotuba yangu ya mwisho ilikuwa ile ya siku ya zawadi, nilipouliza mbele ya wageni wa heshima alipo mwalimu mwenzetu aliyechukuliwa kutoka nyumbani kwake. Kesho yake gari lilikuja kunitafuta mimi, nami nilikuwa nimekwisha kuvuka mpaka. Tangu siku hiyo, yaani miaka minne sasa, sijasimama mbele ya mkutano wowote.

Barua yako juu ya Taaka niliipokea. Kwamba binti yangu amefaulu mtihani na kupata nafasi katika shule ya sekondari ya mjini ni habari niliyoisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Kwamba shule hiyo haina bweni, na kwamba kutoka kwetu Bulumbi hadi mjini kwa miguu ni mwendo wa kuondoka gizani, hayo nilikuwa nikiyajua. Nililokuwa silijui ni habari ya kizuizi kipya cha askari njiani. Uliandika kwamba wasichana waendao kwa miguu husimamishwa na kuulizwa maswali yasiyohusu kazi ya askari yeyote, na kwamba binti wa jirani yetu Oguttu alishikwa pale mpaka jioni, na tangu siku hiyo hakurudi darasani. Uliandika pia kwamba wanaopita kwa baiskeli, wakiwa kundi na bila kushuka, huachwa waende zao. Ukaniomba nitafute baiskeli huku, maana huko madukani zimebaki rafu tupu, na ukanionya kwamba isipopatikana kabla ya muhula kuanza, Mama atamzuia mtoto nyumbani. Nilielewa kwamba ulichokuwa unaniomba ni shule yake.

Ilibidi basi iwe baiskeli inayomtosha hasa. Ikiwa kubwa, atalazimika kuteremka kila anapopunguza mwendo, na hapo kwenye kizuizi ndipo watu wote hupunguza mwendo. Ikiwa ndogo, wenzake watamwacha nyuma, naye atafika kwa askari peke yake. Niliyatafakari hayo usiku kucha kama mtu anayetayarisha hoja, na asubuhi nikaenda kwa Badiru.

Badiru ni muuza baiskeli ambaye duka lake linatazamana na mpaka. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye kuswali kwa wakati na kupunja kwa kiasi. Huniita Mwalimu ingawa sijamwambia kamwe nilikuwa nani. Anasema hajapata kuona karani anayeomba kuazima spana kwa sentensi tatu. Nilipomweleza haja yangu alinitolea kwanza baiskeli kubwa nyeusi yenye bomba la juu, ya aina wanayopanda vijana wanaobeba abiria kati ya vizuizi viwili vya mpaka. Aliisifu kwamba hata ng'ombe angeweza kuisafiria. Nilimkumbusha kwamba mpandaji ni msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye sketi ya shule. Akanitolea nyekundu ndogo kutoka Nairobi, yenye magurudumu membamba, nzuri kuitazama. Nilimwonyesha barabara ya kokoto iliyo mbele ya duka lake mwenyewe, akairudisha ndani bila kubisha. Ya tatu ilikuwa ya kike, bomba limeshuka chini, mnyororo umefunikwa, breki za vyuma mbele na nyuma. Alikuwa nayo ya kimo cha chini na ya kimo cha juu. Akaniuliza kama kichwa cha binti yangu kinanifika begani au kifuani.

Dada, sikujua. Nilimwacha akiwa na miaka tisa, na mikono yangu bado imezoea uzito wa mtoto wa miaka tisa. Badiru akasema kwa upole usio wake kwamba watoto hukua bila kutuaga, na kwamba nimtumie kamba tu mtoto apimwe mguu.

Ndivyo nilivyokuandikia, nawe ukajibu nililopaswa kulikumbuka. Tangu Mama alipomwona seremala akimpima Baba kwa kamba ya katani ili amchongee jeneza, hakuna kamba inayopitishwa juu ya mwili wa mtu hai katika boma lake, hata fundi cherehani hukata nguo za Taaka kwa kukadiria. Ulisema kwamba ungeweza kumpima kwa siri, lakini hutaki mtoto aanze shule kwa jambo la kumficha bibi yake. Nilikubaliana nawe. Ulipendekeza basi, kwa mara ya tatu, kwamba Hajarah avuke na Taaka siku ya soko, kama anavyovuka kila Jumamosi na wasichana wanaouza karanga, na hakuna askari anayewauliza neno.

Nilikukatalia. Nilikupa hoja tatu: kwamba watu wa kuulizauliza wapo pande zote mbili za mpaka, kwamba uso wa mtoto ungeweza kunisaliti, na kwamba jukumu la mzazi ni kubeba hatari mwenyewe. Badala yake niliagiza Taaka asimame upande wenu wa mpaka asubuhi ya Jumamosi, karibu na malori ya saruji yaliyotoka Tororo, avae gauni la kijani, nami nitamtazama kutoka kibarazani kwa Badiru. Wewe ulinijibu kwa mstari mmoja kwamba nimesema vizuri kama kawaida yangu.

Jumamosi ya tarehe nane nilikuwa pale kabla Badiru hajafungua milango. Jua lilipopanda nikamwona. Alikuja na gauni la kijani, akasimama kando ya gurudumu la mbele la lori la saruji, sinia kichwani. Alikuwa mrefu kuliko nilivyothubutu kumfikiria. Shingo yake ilikuwa ya mama yake, dada yangu. Ile namna ya kuigeuza bila kugeuza mabega. Alipochoka aliuegemea mguu mmoja kama Baba alivyofanya akiongea na watu njiani. Nilimweleza Badiru yote hayo. Sikumpungia mtoto mkono. Nilijizuia kwa kushika nguzo ya kibaraza.

Badiru ndiye aliyepata njia ya kumpima. Kwenye foleni ya upande wetu kulikuwa na lori la aina ileile. Nyonga ya msichana ilikuwa sawa na ukingo wa juu wa gurudumu, na kanuni ya Badiru ni kwamba tandiko lifike kwenye nyonga ya mpandaji. Tulisukuma baiskeli mpaka kwenye lori, dereva akitucheka na kuuliza kama tunataka kuifungisha ndoa na gurudumu lake, tukalipandisha tandiko la ile ya kimo cha juu. Lililingana. Niliilipia palepale, msichana akiwa bado anaonekana.

Siku iliyofuata tuliitayarisha. Kiti cha nyuma niliagiza kiondolewe, kwa sababu baiskeli yenye kiti cha nyuma huko kwenu ni gari la askari yeyote aliyechoka kutembea. Rangi mpya tuliikwaruza kwa msasa, tukaipaka nyingine ya kahawia iliyofifia, mpaka Badiru akalalamika kwamba ninamharibia jina. Nilimjibu kwamba uzuri wake haukuwa na haja ya kuonekana. Wiki nzima nilirudi jioni dukani kuitazama. Nilikuwa nikimfikiria Taaka akiwa juu yake, na niseme kweli, zilikuwa siku ambazo sikusoma gazeti kwa sauti.

Jana jioni Hajarah alifika kuichukua. Aliitazama baiskeli, akatazama tandiko, akauliza ni ya nani. Nilipomjibu alidhani namtania. Ndipo aliponiambia kwamba Jumamosi ile Taaka hakuja. Mama aliamka na homa, mtoto akabaki kumkanda, na Hajarah alipofika mjini akakuta mkubwa wa serikali anapita na mpaka umefungwa, hakupata wa kumtuma kwangu. Aliniambia pia, bila kujua anasema nini, kwamba Taaka ni mfupi, mnene kidogo, amemfuata Mama kwa kila kitu, na kwamba juu ya baiskeli ile miguu yake ingening'inia kama ya kuku sokoni. Yule niliyemwona huenda ni binti wa muuza samaki. Magauni ya kijani, alisema, mwaka huu yamejaa, kwa kuwa kitambaa cha kijani ndicho pekee kilichopatikana.

Hajarah alipoondoka, baiskeli ilibaki. Nami nilibaki nayo chumbani, nikaipitia shingo ile, na mguu ule uliokuwa wa Baba, na nikakubali kwamba ningeviona vitu hivyo kwa msichana yeyote aliyesimama pale.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Zile hoja tatu nilizokupa zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu. Sikuogopa askari, wala watu wa kuulizauliza. Niliogopa kwamba Taaka angevuka, angeniona mtu mzima aliyekonda amesimama mlangoni, na angemgeukia Hajarah kumuuliza baba yake yuko wapi. Niliona afadhali nimtazame kutoka mbali, mahali ambapo hakuna anayeulizwa kama ananijua. Kwa woga huo nimepoteza mwezi mzima, na muhula unakaribia, na mtoto hana baiskeli. Wewe ulilijua hilo ulipoandika mstari ule mmoja. Asante kwa kutoniambia.

Badiru amekubali kuibadilisha kwa ile ya kimo cha chini, na ametaka malipo ya rangi tu, lakini ameapa kwamba haitoki dukani mpaka mpandaji mwenyewe aikalie. Kwa hiyo nakuomba, na safari hii sina hoja: Jumamosi ijayo mpe Taaka karanga avuke na Hajarah. Mama mwambie ukweli wote. Mwambie hakuna kamba itakayotumika. Njiani mtoto asitaje jina langu, wala asiniite baba mpaka awe ndani ya duka.

Tena nakuomba umweleze nilivyo sasa, kwa kuwa picha mliyonayo ukutani haitamsaidia. Nimekonda. Nywele za kandoni zimekuwa nyeupe, ndevu nimezinyoa, na navaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi. Nitavaa shati la kijivu, nitasimama ndani, kushoto kwa mlango. Asinisubiri nimwite. Aje yeye kwanza, anitajie jina lake polepole, kwa sababu nitakuwa nikimtazama kila msichana anayeingia.

Nisalimie Mama, umpe pole ya homa, na uwasalimie Oguttu na nyumba yake, hasa yule binti yao. Goti lako lisilazimishwe shambani. Usiku mwema hapo nyumbani. Huku kwangu taa bado inawaka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Odwori