Maneno ya Mwisho ya Wimbo wa Maharamia

Pwani ya Labrador, Februari 1934

Shemeji yangu mpendwa Keturah,

Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Bahari imeganda, samaki wa chumvi wanatosha, na soksi ulizonitumia nimezivaa.

Marehemu dada yako aliuimba ule wimbo wa nahodha wa maharamia, beti arobaini, bila kukosea. Mimi, niliyesomeshwa na wamisheni, sikupata kukariri hata zaburi namna ile. Nilipokunja uso, alinitania: "Tulia, mwalimu, mwishoni watamnyonga!"

Desturi yetu waijua: maneno ya mwisho hayaimbwi, husemwa tu, ndipo watu wajue wimbo umekwisha. Alasiri yake ya mwisho aliuimba wote kitandani, akafika hapo, akanyamaza.

"Malizia wewe, Ambrose."

Niliona haya, nikaenda kutia chai. Niliporudi, alikuwa ameshatutoka.

Samahani kwa ombi hili. Umebaki wewe peke yako unayeujua. Barafu ikiyeyuka, njoo kwa meli ya kwanza, uniimbie. Ukifika mwisho, tafadhali unyamaze. Safari hii nitayasema.

Shemeji yako mwenye heshima nyingi,
Ambrose Pardy