Mafaili Yasiyoitwa na Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Programu ya zamu za kusafisha damu hapa hospitali: mafaili 412, yote kaandika mjomba kabla kiharusi hakijamwondolea kauli. Tunahamia kompyuta mpya. Bosi anataka kujua faili gani linaita lipi lifanye kazi. Yasiyoitwa na lolote yafutwe. Nimetunga kiprogramu cha kupekua kila faili na kutafuta majina ya mengine. Macho yanauma na wiki haijaanza.

Jumatano, 5 Machi

Kumi na moja hayaitwi popote. Nimempelekea mjomba orodha nyumbani. Kidole chake kikasimama kwenye "zamu-ijumaa", akatikisa kichwa. Tena na tena! Mkewe akasema siku hizi hata akiletewa chai anatikisa. Nikakubali haraka, maana ndicho nilichotaka kusikia. Najijua.

Alhamisi, 6 Machi

Jioni nimefuta. Bosi akauliza kama afute na kompyuta ya zamani. Nikasema futa tu. Kujiamini gani huku?

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja asubuhi nesi kapiga simu — skrini haina jina hata moja. Nimekuja mbio. Nimeona. Mjomba hakuandika jina zima popote: programu inachukua neno "zamu", inaliunga na siku ya leo, ndipo inaita faili. Kiprogramu changu kilitafuta majina mazima. Na wagonjwa huandikwa humo humo ndani, na saa zao. Siku zote za wiki zimekwenda. Nakala hakuna.

Nimelia chooni, nikanawa.

Mashine nane, watu ishirini na wawili, kila mmoja anadai ni wa asubuhi. Nesi anaandika upya kwa kalamu, anauliza mmoja mmoja. Mjomba naye yupo, ni mgonjwa wa Ijumaa. Mkewe kasikia, kamleta mapema. Miguu imemvimba, viatu havifungiki. Alipoulizwa saa yake alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mkewe akajibu saa mbili asubuhi, macho kwangu.

Ni wa saa nane mchana. Kila Ijumaa namchukua mimi jioni.

Nesi akanigeukia. "Wewe ndiye wa kompyuta. Ni kweli?"

Nikasema ngoja nikaangalie. Nimejifungia humu chumba cha kompyuta, dakika ya kumi sasa. Hakuna cha kuangalia. Nesi anagonga mlango —