Neno Lako Limefika Ubaruku

Nyanzala mjukuu wangu, hujambo huko Mlandege? Sisi wazima, mpunga tumevuna. Shangazi yako anaandika, mimi nasema tu.

Unauliza utalitumiaje hilo neno la Kiingereza, "reluctant", darasani usichekwe. Wacheke! Nilipoolewa huku nilijua Kisukuma tu, sina rafiki hata mmoja. Nikajifunza "kamwene", salamu ya Wasangu, nikawafuata wanawake wakipandikiza mpunga, nikapaza sauti: "Kamwene!"

Wakacheka sana. "Msukuma kajua kusalimu! Haya, shika miche." Tukapanda pamoja mpaka jioni, na mpaka leo ndio shoga zangu.

Shangazi kanieleza kuwa neno lako ni la mtu anayesitasita. Asubuhi hii ya baridi nikamwambia babu yako, "Mzee, mbona uko reluctant kuoga?" Kachukua ndoo mbio! Kesho nyoosha mkono, mama.