Limepoa, Panda

Jumanne, mwanzo wa mwezi wa saba

Baba,

Yule askari amekufa. Salamu nitaziweka chini. Mkamwana anasema barua haianzwi hivyo, lakini nimemwambia kalamu ni yake, mdomo ni wangu. Amekufa leo asubuhi huko zahanati. Yule mwembamba tuliyemwita Mluzi, kwa sababu alikuwa anakuja kutupiga huku anapiga mluzi, kama mtu anayekwenda zake kuchota maji.

Haya, salamu. Mimi sijambo, ni kifua tu, na goti. Wewe hujambo? Mkeo je? Yule mdogo ameshaota meno? Jiko la gesi ulilonitumia lipo, na mtungi wake, nimelifunika kitambaa ndipo ninapowekea redio. Na ni kwenye redio hiyo tulikokusikia ukisema kuanzia mwezi huu hakuna kuchoma mkaa, hakuna kusafirisha, hakuna kuuza, nchi inaingia kwenye nishati safi. Sauti nzuri, ya mtu aliyeshiba. Kambi nzima inaijua, ulilia humu humu ukiwa mchanga na wenye masikio wanakumbuka. Tangu siku ile nikienda kisimani wananipisha kama nina upele.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana huko mtaambiwa vingine.

Askari wa msitu walikuja Jumapili na lori. Mkubwa wao ni yule tunayemwita Shingo, kichwa kimekaa juu ya mabega tu, hana kingine katikati. Wao wanapiga kwanza, maswali baadaye. Mchonga mipini walimvunja mkono kwa mpini aliouchonga mwenyewe, mpya, hata hajauuza. Mdogo wako Masizi alitaka kusema neno, Mluzi akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno mawili ya mbele yakatoka. Akayatemea kiganjani, akawa anayatazama. Mluzi akamwambia, "Pengo hilo zuri, sasa na wewe utaweza mluzi." Wenzake wakacheka.

Halafu Shingo akaamuru matanuri yote ya mkaa yabomolewe. Langu ndilo lilikuwa kubwa, unajua ninavyopanga magogo, baba yako alikuwa akisema napanga kama ninamtandikia mgeni kitanda. Na moshi ulikuwa umeshageuka, ule mweupe umekwisha, umebaki ule wa buluu mwembamba kama uzi. Asiyejua ataona limezimika. Ndani ni moto mtupu na juu ni ganda la udongo, chini yake pako wazi. Hata mtoto wa kambini hakanyagi pale bila kutandika gogo. Na huyu Mluzi naye inaonekana kwao walichoma mkaa, kwa sababu hakupanda hivi hivi. Alisimama na koleo lake akauliza, na aliuliza kwa adabu, baba, hilo ndilo linaloniuma. Akasema, "Hili limepoa?"

Mdogo wako, damu inamtoka, akajibu, "Limepoa. Panda."

Mkamwana ameacha kuandika. Nimemwambia aandike. Ni mume wake, najua, lakini alikuwa mwanangu kabla hajawa mume wa mtu, na atakayesoma ni kaka yake.

Basi akapanda. Ganda likafunguka, akazama mpaka kiunoni. Ile sauti siwezi kukueleza. Nimezaa, nimezika, sijapata kuisikia sauti ile. Na wa kwanza kumrukia alikuwa huyo huyo Masizi. Alilala kifudifudi ukingoni, akaingiza mikono yote mpaka viwikoni, akamshika mkanda akamvuta. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye mkanda wa yule mtu. Akamtoa. Wenzake walipofika, kwa kuwa walimkuta amemshika, wakamshukia yeye kwa mateke. Moto ulikuwa umepata upepo, moshi umetanda, watu hawaonani, ndipo akaponyoka. Yuko mahali. Mikono nimeipaka asali nikaifunga kwa shuka.

Shingo anasema Mluzi alisukumwa. Hakusukumwa. Wewe mwenye watu wakubwa waambie hakusukumwa. Na umtafutie daktari, maana mikono imeanza kunuka.

Mama yako


Jumatatu, mwezi wa saba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tu wazima. Mdogo ameota jino moja na anamng'ata kila mtu. Poleni sana.

Barua yako nimeisomea ngazini, kwa sababu ofisini tumekaa wanane chumba kimoja na mlango hauna kitasa. Mama, tangazo lile sikulitunga, nililisoma. Lakini sitakudanganya, ninaliamini. Wewe mwenyewe uliniambia mvua zimekuwa kama mlevi, zinakuja wakati wowote na zikija zinavunja vitu. Bonde tulilokuwa tukiogelea ni mchanga sasa. Miti ikiisha, hata kambi itaisha. Mwezi ujao wanakuja wageni watakaotoa fedha za mitambo ya jua na upepo, na kabla ya kutoa watarushwa kwa ndege juu ya msitu ule. Waziri ameshatuambia hataki kuona moshi hata wa sigara. Ndiyo maana wanakwenda kwa nguvu kiasi hicho. Sisemi ni sawa.

Nimemwona mkuu wangu. Nikamweleza kwamba mdogo wangu ndiye aliyemtoa yule askari motoni na kwamba mikono yake imeharibika. Lile neno alilolisema sikulitaja. Mkuu alinisikiliza vizuri, akaagiza gari liende na daktari. Aliponiuliza mgonjwa yuko wapi nikamwambia kwa kukisia, lile ghala la magunia nyuma ya kwa mchonga mipini, tulikokuwa tukijificha baba akitutafuta na fimbo. Kama ndipo alipo, mwambie asikimbie wakifika. Ni daktari.

Mwanao wa kwanza


Ijumaa, mwezi wa saba

Baba,

Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi wengine tuko, wengine hatuko.

Gari lako lilikuja. Yalikuwa mawili, na daktari sikumwona, labda alikuwa mmoja wa wale wenye bunduki. Hawakuuliza njia kwa mtu. Walikwenda moja kwa moja ghalani, wakaliona limefungwa. Mchonga mipini akatoka na mkono wake wa kuning'inia, akawaambia ngoja nilete ufunguo. Neno "ufunguo" hakulimaliza. Walimpiga risasi pale mlangoni, na mlango wenyewe haukuwa na kufuli, ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Walipoikata wakakuta magunia na panya. Masizi nilikuwa nimemhamisha siku moja kabla, kwa ajili ya panya hao hao, walikuwa wameanza kunusa mikono yake.

Mchonga mipini alikuwa mbishi na mchoyo wa chumvi, lakini jeneza la baba yako alilichonga yeye, unakumbuka? Lake limechongwa na mtu asiyejua kazi. Kifuniko hakikai sawa.

Shingo akakasirika. Wakachoma nyumba zote za upande wa bondeni, wakawapakia wanaume wote kwenye lori, wamelazwa kama kuni, huku wanawakanyaga. Akasema hao hawatoki mpaka atolewe aliyemuua askari wake, na wanaanza kuwauliza mmoja mmoja. Wamemrudisha mmoja tu, fundi baiskeli, ili tuone. Vidole vyake vimegeuka vinaangalia nyuma.

Sasa magari yalipoondoka, watu wakaanza kuulizana nani aliwaonyesha lile ghala. Hawakuulizana sana. Walikuja kwangu kwa mawe, wanawake wenzangu, tumezalishana sisi kwa sisi. Yule mama mshona viatu ndiye alikuwa mbele, anapiga kelele kwamba mama wa redio atolewe nje. Nimepasuka hapa juu ya jicho, mkamwana amenishona kwa uzi wa nguo, mweusi, hatukuwa na mwingine. Wakabeba lile jiko lako na mtungi wake, wakautupa kwenye nyumba iliyokuwa inaungua. Hakuna aliyejua. Ule mtungi ulilipuka, baba, mpaka mabati yakaruka kama karatasi. Mshona viatu mguu umekwenda, kuanzia gotini. Aliniita mimi jina langu la utotoni, akaniomba maji. Nikampa. Amekufa jana.

Sikulaumu kwa mtungi. Kwa lile ghala nakulaumu. Uliwaonyesha mahali ambapo hata baba yako na fimbo yake hakupaonyeshwa.

Masizi anaweweseka. Mikono imekuwa myeusi, na si masizi.

Mama yako


Jumatano, mwezi wa nane

Mama,

Shikamoo. Sijui niulizeje hali.

Nilisimama mbele ya mkuu nikapiga ngumi mezani, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Akanisogezea glasi ya maji. Akasema wangu ni mmoja, wa kule kwenye lori ni wengi, nichague. Akasema wageni wanafika wiki ijayo na huko juu wanataka kesi iwe na mwenyewe. Akipatikana mtu mmoja wa kusema "ni mimi", wengine wanaachiwa na tingatinga haliji kambini. Asipopatikana, kambi inafutwa, na tangazo nitalisoma mimi. Ninalo hapa mkononi.

Mama, mshawishi ajitokeze. Nitamtafutia wakili. Alimwokoa yule mtu, mahakama itaona mikono yake. Wakimsaka watamuua, nimesikia kwa masikio yangu wakisema hawataki kumpeleka popote. Njia ni hiyo tu, nimeitafuta nyingine sijaiona. Sili, silali. Nisamehe kwa lile ghala.

Mwanao


Jumamosi, mwezi wa nane

Baba,

Hujambo? Unakula sasa? Kula, utahitaji nguvu.

Hii nitaisema haraka, kuna gari nje limewashwa injini. Nimewaambia bibi kizee hapandi gari kabla ya kujisaidia, wakaona aibu kubishana. Basi niko humu chumbani, mkamwana anaandika mpaka kidole kimekuwa cheupe.

Asubuhi nimekwenda mwenyewe kituoni kwa Shingo. Goti lilinisumbua kwenye ule mteremko, nikakaa njiani mara kadhaa, watu wakanipita wakidhani nimeanza kuomba. Kituo chenyewe ni chumba kimoja, meza, benchi, na ukutani picha ya mti wa kijani uliochorwa vizuri sana, hauna hata jani lililoliwa na wadudu. Wanaume wetu wako chumba cha nyuma. Niliwasikia wanakohoa, nikamjua kila mtu kwa kikohozi chake. Viwili sikuvisikia.

Nikamuuliza Shingo, lile tanuri la nani? Akasema lako, kila mtu anajua. Nikamwambia, basi na jibu lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwambia limepoa, panda.

Akanitazama. Akasema askari wake walisikia sauti ya mwanamume. Nikamwambia afumbe macho aisikilize hii. Moshi umenikausha koo tangu sijaolewa, nikiita gizani watu hunisalimia shikamoo mzee. Askari mmoja nyuma yake akacheka, akatazamwa, akaacha. Shingo akaniuliza sababu. Nikasema alimng'oa mwanangu meno.

Hilo la mwisho halikunishinda kulisema, baba. Nilipoyaona yale meno kiganjani nilitaka yule mtu afe. Alipouliza swali lake, hata mimi nilikuwa na jibu hilo hilo ulimini, mdogo wako alinitangulia tu. Kwa hiyo usilie ukidhani mama yako amedanganya sana.

Nikaweka kidole kwenye wino. Wanaume wametolewa, nimewaona kwa macho yangu, wengine wanabebwa. Ndipo wakanileta nichukue nguo, ninapelekwa huko huko mjini kwenu, mahakamani.

Sasa yako ni haya. Masizi anakuja kwako. Yuko kwenye lori la kabichi, na mkamwana anamfuata na barua hii ndani ya nguo yake. Wakibisha hodi fungua wewe, usimtume mtu. Umlaze kitandani kwako, siyo stoo. Daktari awe wa kweli, na kama atasema mikono ikatwe, ikatwe, shikilia miguu yake wakati wanakata, anaogopa kuliko anavyoonekana, tangu mdogo. Mke wake umwite shemeji mbele za watu, asiwe kama mtumishi humo ndani.

Na la pili. Watakupa karatasi yenye jina langu, kwamba muuaji wa askari amepatikana, mwanamke mzee. Uisome. Isome yote kama ilivyoandikwa, kwa ile ile sauti yako, usikohoe katikati. Ukinitetea watajua si mimi, wataanza kutafuta tena. Uliniomba mtu mmoja wa kusema "ni mimi". Huyu hapa. Wewe kazi yako ni kusoma.

Kuhusu moshi una haki, nilitaka kukwambia hilo pia. Nimekaa pale kwenye mteremko nikatazama chini, pote ni vipara, mpaka nikajiuliza nilikuwa natazama nini miaka yote. Lakini mngekuja kutuambia mmekaa chini kama watu, tungebishana, tungewatukana kidogo, halafu

Wananiita. Ni yule aliyecheka, anasema, "Mama, twende, mkubwa anakasirika." Ameniita mama, sikia.

Haya, nakuja, usivunje mlango, haufungwi. Mkamwana, acha hapo, kunja. Nipe mkono niinuke.