Ng'ombe Mwenye Maua Shingoni

Nkende, Tarime,
Mara Kaskazini.
19 Agosti 1957

Mpendwa Kaka Method,

Shikamoo. Unaendeleaje na joto la Tanga, na lile goti lako linalokusumbua ukisimama zamu ndefu? Sisi huku hatujambo. Veronika wangu amepona kikohozi, watoto wanakula kama nzige, na mawingu tuliyoyategemea yametupita pembeni yakaenda kunyesha ng'ambo ya Sirari. Shemeji Agustina nilikuwa naye jana, mzima wa afya. Maneno aliyonituma utayakuta humu, kwa hiyo leo usiruke mistari kama ilivyo desturi yako.

Jambo kubwa la barua hii ni Bhoke, binti wa marehemu ndugu yetu Nyangwine, na wale ng'ombe wa Heche uliowapokea kwa mahari yake. Nitalifikia. Lakini jambo lenyewe limepitia ndani ya sinema, na kuhusu sinema nina deni la kukujibu kwanza.

Barua yako iliyopita imenighadhibisha. Unasema katika wachezaji wote wa picha za Kihindi hakuna wa kumfikia yule tunayemwita Machozi, na kwamba Mwenye Kofia wangu ni mchekeshaji wa harusini tu. Kaka, kwa heshima zote, umekosea, na umekosea kwa sauti kubwa. Kulia ni kazi hata kitunguu kinaiweza. Huyo Machozi wako akiachwa na mpenzi analia, akirudiwa na mpenzi analia, akiletewa chai analia. Mwenye Kofia anaingia mjini na kiatu kilichotoboka, hajala tangu jana, polisi anamfukuza kwenye benchi (samahani, najua kazi yako), naye anamwinulia polisi kofia na kuanza kuimba. Watu wanacheka. Halafu kicheko kinawakwama kooni, maana kila aliyeketi mle ndani anakijua kiatu kile. Nionyeshe mahali ambapo Machozi amefanya hivyo, nami nitanyamaza mwaka mzima.

Tena tusibishane juu ya wachezaji peke yao kama watoto wa shule. Mchezaji ni jembe. Anayelima ni mtengenezaji wa picha. Ile uliyonisifia, ya jumba la vioo na mabinti wenye njuga miguuni, niliiona Kisumu nilipokwenda kuuza ngozi. Wimbo unafukuzana na wimbo, shanga zinang'aa, na mwisho nikatoka na njaa ileile niliyoingia nayo. Mtu aliyetengeneza kitu kile anauza vitambaa. Wewe tafuta picha za yule bwana wa Bombay anayekwenda kupigia vijijini. Yeye anaiacha plau ipite taratibu mbele yako mpaka unasikia harufu ya udongo. Mvua ikichelewa, anakuonyesha mama mmoja anatazama mbingu, basi, hakuna ngoma wala kilio. Mama yetu alitazama mbingu vilevile mwaka ule wa njaa. Picha yake ikija Tanga, acha chakula uende.

Najua utasema: lakini lugha hatuielewi. Hayo ndiyo aliyoandika bwana mmoja gazetini, kwamba Mwafrika anayetazama sinema ya Kihindi ni kama kuku anayetazama saa. Nimemjibu kwa barua ndefu. Mhariri ameikata mkia, lakini kichwa kimetoka. Nimemwuliza: zile picha za gari la serikali zinazotufundisha kuchimba choo, zenye maneno yote ya Kiswahili, nani alizilia? Nani alitoka pale akaziota? Katika picha za Kihindi kuna mama mkwe, kuna bibi harusi, kuna shamba lililokauka, kuna ng'ombe. Tena zinatoka kwa watu waliojitawala miaka kumi sasa, na mtu anayejitawala hata machozi yake yana kiburi fulani. Lugha gani tena tunataka?

Basi sasa sikiliza lililotokea, kwa sababu limethibitisha hoja yangu, na pia limeipiga kofi.

Popatlal, yule mwenye duka karibu na soko, amepata mashine ya sinema kwa shemeji yake wa Musoma. Jumapili moja baada ya misa alifunga ghala lake la mahindi, akaziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka nyeupe ukutani, na mchana wa saa nane ikawa giza humo ndani. Nkende nzima iliingia. Bhoke alikuwapo na wenzake. Mzee Kisyeri, mkubwa wa wazee wetu, alikuwapo, na kigoda chake, na ile fimbo yake ambayo hata kanisani haiachi mlangoni. Nami nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu picha ilikuwa ya bwana wangu yule wa vijiji.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kuna binti, kuna mama yake mjane, kuna mwimbaji mwenye mkokoteni anayempenda binti. Halafu akatokea ng'ombe mweupe amevishwa maua shingoni, pembe zimepakwa rangi, anaongozwa na bwana mnene mwenye masharubu, wanawake nyuma wanaimba, ngoma zinapigwa, na msafara mzima ukaingia nyumbani kwa binti. Ghala likaguna kwa furaha. Nani kwetu asiyejua maana ya ng'ombe kuingia nyumbani kwa binti kwa nyimbo? Wanawake wetu wakapiga vigelegele. Mahari imefika! Masharubu ndiye mwoaji!

Popatlal akapiga kelele kutoka kwenye mashine yake, "Hapana harusi hii! Hii siku kubwa ya ng'ombe tu!"

"Siku kubwa ya ng'ombe ni ipi kama si mahari?" Mzee Kisyeri akamjibu. "Wewe uza sukari, mambo ya ng'ombe tuachie sisi."

Unaona ajali inavyokuja. Punde binti akapanda mkokoteni wa mwimbaji, wakaondoka wakiimba. Ghala likalipuka. "Mwizi! Ng'ombe za watu zimeliwa!" Mzee Kisyeri akasimama mbele ya shuka, kivuli chake kikawafunika wote, akamnyooshea fimbo yule mama mjane. "Mama, mzuie mtoto wako! Umepokea ng'ombe!" Na mama hakumzuia, angewezaje, ndipo fimbo ikapita katikati ya shuka. Popatlal akazima mashine. Mwanga ulipoingia kila mtu alikuwa anafoka, isipokuwa Bhoke, aliyesema kwa sauti tulivu ambayo wengi waliisikia, "Na huyo binti, kuna aliyemwuliza?"

Wiki ile mambo yakapelekwa kwenye iritongo, baraza letu la kijiji. Mzee Kisyeri alitaka sinema ipigwe marufuku Nkende, na atakayekwenda atozwe mbuzi. Alisema picha ile inawafundisha mabinti kula mahari na kukimbia. Heche naye alisimama kumuunga mkono, na nilijua kwa nini, maana anangoja kumchukua Bhoke ulezi ukishavunwa, na Bhoke hamtaki. Si siri tena, Kaka. Ameniambia mimi, amemwambia shangazi yake, amemwambia padre. Anamtaka Mogesi, fundi mwashi, kijana mwenye ng'ombe wachache lakini waliotoka jasho lake.

Nikaomba kusema. Unanijua, sikunong'ona. Nikawaambia: wazee wangu, tangu lini kesi ya Wakurya ikahukumiwa nusu? Mkanda wa pili wa picha hamjauona. Hamjui Masharubu alifanya nini, hamjui ng'ombe aliishia wapi. Mnahukumu kama mtu aliyesikia mlalamikaji akatoka kwenda kunywa pombe kabla mshtakiwa hajafungua kinywa.

"Mura, wewe kijana, unatutukana?" Mzee Kisyeri akaniuliza.

"Ninawakumbusha sheria yenu, Mzee."

Walinong'onezana, wakakubali. Jana Jumapili wazee wote walikwenda ghalani kama baraza, wakaketi mbele kwa vigoda vyao. Popatlal alikuwa ameshona shuka, na mshono ulipita katikati ya nyuso za watu, lakini hakuna aliyecheka. Shemeji Agustina alikuwa ametoka nyumbani kwako Itiryo kuja kwetu, naye akaingia.

Kaka, kile kipande cha pili! Anza kukihurumia kitambaa chako cha mfukoni sasa hivi. Mvua imekuja, mto umefurika, mwimbaji ameumia, binti amekonda. Masharubu anatuma watu mlangoni kwa mama mjane. Yule mama anatoka nje. Anamvua ng'ombe yale maua yaliyokauka, anashika kamba, anamwongoza katika mvua mpaka lango la Masharubu, anamfunga kwenye nguzo. Anamshika uso, ng'ombe anamlamba mkono. Kisha anageuka kurudi nyumbani mikono mitupu, na yule mtengenezaji bingwa anatuonyesha mgongo wake tu, mpaka unakuwa mdogo na kupotea katika mvua. Hata wimbo hakuna. Nilimtazama Mzee Kisyeri. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili na kidevu kinamtetemeka.

Kwa kweli mama yule alikuwa analipa kodi ya shamba la Masharubu kwa ng'ombe wake mwenyewe. Popatlal alifungua kinywa atueleze hivyo, nikamkanyaga mguu.

Mzee Kisyeri akapiga fimbo chini. "Ng'ombe amerudi! Mmeona wenyewe, amerudi mzima, na kamba yake. Basi kesi imekwisha. Binti yuko huru, aolewe na mwimbaji."

"Sinema je?" nikauliza.

"Iendelee. Watu hawa wana adabu zao."

Ghala zima likapiga makofi, nami nilikuwa nimeanza kujipongeza moyoni, ndipo Bhoke akasimama. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Mzee Kisyeri.

"Mzee, na mimi?"

"Wewe nini, binti?"

"Ng'ombe wa Heche wakirudi, na mimi niko huru?"

Heche akainuka, "Hayo ni mambo ya sinema!" Lakini Mzee Kisyeri alikuwa ametoa hukumu mbele ya Nkende nzima, na ingawa ni mkaidi, si mwongo. Akasema, "Sheria haimchagui Mhindi ikamwacha Mkurya. Wakirudi, yuko huru. Lakini ng'ombe wako kwa Method kule Itiryo, na Method ndiye mkubwa wa nyumba yao. Hakuna kamba itakayofunguliwa pale bila neno lake."

Ndiyo sababu ninakuandikia leo, na sikungoja hata siku ya soko.

Sitakuficha gharama. Najua ng'ombe hao umewatengea Filemoni wako aoe, na wakirudi kwa Heche kijana wako atangoja. Mogesi ataleta wake kidogo kidogo, na kwa mtu mwenye haraka kidogo kidogo ni uchungu. Najua pia Heche ni wa rika lako, mlitahiriwa pamoja, na uso wako utakuwa mzito mbele yake. Haya yote ni kweli, na sitayabishia hata moja, jambo ambalo unajua linaniuma.

Lakini nikukumbushe barua zako. Ni wewe uliyeniandikia kwamba ulitoka sinema Tanga ukiwa umevaa sare ya polisi na machozi yamelowesha kola, kwa sababu binti fulani aliozeshwa mtu asiyemtaka. Ukasema ungekuwa baba yake usingekubali kamwe. Nilikucheka wakati ule, nikasema hayo ni machozi ya bure. Sasa nasubiri unithibitishie kwamba nilikosea. Binti yule wa Bombay hakujui, na kesho atacheza picha nyingine na kuolewa upya. Huyu wa Nkende hana picha nyingine. Anakuita Tata, baba, na tangu Nyangwine afe hana mwingine wa kumwita hivyo ila wewe na mimi, na mimi ng'ombe hawako kwangu.

Nilimwuliza Shemeji Agustina tulipotoka ghalani, anaonaje. Alikuwa bado anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alisema hivi, nami nayaandika kama yalivyo: "Mwambie mume wangu kamba ninayo. Nitawapeleka mwenyewe kwa mkono wangu, hata kama ni mvua. Aseme tu."

Mkataze sasa, kama unaweza.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, hasa Werema wa kwetu. Mwambie mama yake hajambo na anamwuliza kwa nini haandiki. Filemoni nitamweleza mimi mwenyewe, uso kwa uso, nitakapofika Itiryo. Veronika anakuamkia, Bernadetha mdogo anakuomba picha ya treni, na Bhoke anakusalimu. Hakuongeza neno, alisema unamjua.

Mungu akulinde njiani na kazini, akuponye goti, akupe usingizi mwema baada ya kusoma haya, lakini si kabla ya kujibu. Juu ya Machozi na Mwenye Kofia tutaendelea kugombana mpaka mmoja wetu azikwe. Juu ya hili lingine nakuomba mistari miwili tu. Nikiipata, nitamkiri Machozi wako mbele ya watu wote wa Nkende, na nitavua kofia nikisema hivyo.

Mdogo wako akupendaye hata anapokugombeza,

Kornelio