Kutu ya Emery

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa saba 2022

Imefika! Pejo 504 ya Emery iko katika parsele yangu, uwanja wangu wa kazi hapa Songo, mlimani juu ya ziwa, imeletwa juu ya lori kama bibi arusi mlevi. Miaka miwili ndani ya ziwa! Mwaka wa mafuriko maji yalikula barabara, yakamla Emery na motokaa yake pamoja. Sasa ziwa limerudi nyuma kidogo, wavuvi wakaona paa linachungulia kwenye matope. Milango imefungwa. Vioo vizima. Ndani hakuna muntu. Hakuna hata kiatu.

Na kutu! Nimesude, nimeunga vyuma Kigoma, nimesude Lusaka, Bujumbura hata polisi wananijua kwa jina — kutu kama hii, hapana. Unagusa, kidole kinaingia. Watu walijaa kushangaa. Nikawaambia: familia wanataka itembee tena, na mpaka Jumamosi hata ziwa lenyewe halitaitambua.

Jumanne, tarehe 5

Sabine, mke wa Emery, amekuja na gunia. Bado amevaa nyeusi. Masikini, miaka miwili si mke, si mjane.

Kwetu muntu akipotea majini, wanazika mugomba, shina la ndizi, mahali pake, matanga yanaisha, kila mtu anarudi kuishi. Lakini Mama Generose, mama ya Emery, alikataa. Alisema yeye hakuzaa mugomba. Basi Sabine amefungwa pale kwa mama mkwe, sokoni haendi, Bujumbura haendi. Sasa wazee wamekubaliana: kutu ilikula motokaa pamoja na Emery, basi izikwe hiyo kutu. Yote. Jumamosi.

— Papa Ushindi, usitupe kitu, Sabine akasema. Kila unachokata, tia humu. Kikibaki kipande, atakuwa amezikwa nusu. Na miye nitabaki nusu.

Bure, nikamwambia. Sitaki hata bia. (Bia moja nitakunywa.)

Jolie mke wangu akacheka jikoni: weye uliyekimbia shule, leo umekuwa padiri wa mabati!

Jumatano, tarehe 6

Umeme ulikuja asubuhi, nikakimbia nao. Nimekata mabati ya juu ya magurudumu, nimekata chini ya milango. Tole mpya, bati la kuziba, nimepasua kutoka pipa la mafuta, nikaigonga, nikaisude — mstari mnyoofu kama nywele za mzungu! Gunia limefika nusu. Ni zito kuliko inavyotakiwa. Kutu ni nyepesi, kila fundi anajua. Nilipolibeba nilihema kama ninayebeba mgonjwa.

Jambo moja. Chini ya mlango wa dereva maji yanatoka. Sawa, yalibaki ndani, nikatoboa tundu yamwagike. Yakajaa beseni. Nikamwaga. Yakajaa tena. Kiangazi hiki! Vumbi mpaka kwenye meno.

Alhamisi, tarehe 7

Sitamwambia Jolie.

Nimefungua mlango wa dereva asubuhi, jua tayari kali. Pale chini, miguu ya dereva inapokaa, maji kidogo. Ndani ya maji, ndagala, dagaa wa ziwa. Mmoja. Anaogelea.

Ndagala! Huyo ukimtoa ziwani anakufa kabla hujamtazama vizuri. Nani aliwahi kuona ndagala mzima Songo? Nikasimama kama mjinga. Nikamchota kwa kopo, nikashuka naye mpaka ziwani kwa miguu, mimi, muntu mzima, nikamwachilia. Mvuvi mmoja akaniuliza kama sasa ninarudisha samaki badala ya kununua. Nikamjibu huyu amekosa viza. Nilicheka peke yangu.

Niliporudi nilipaswa kukata hapo sakafuni. Diski ya kukatia nimeshika, mkono umekataa. Nikafanya tunavyofanya siku zote: tole mpya juu ya kutu, nikasude pembeni, mastiki ya kuziba nyufa, rangi. Kwaheri. Mafundi wote wa Uvira wanafunika hivyo, na magari yanatembea! Nani ataona?

Ijumaa, tarehe 8

Maji yamekauka kila mahali. Beseni kavu. Nimepaka rangi nyeupe, inang'aa kama meno ya mwanasiasa. Nimejisifu kwa majirani. Wamepiga makofi.

Jioni nimeweka kiganja pale nilipofunika. Bati lilikuwa la uvuguvugu. Kama kiti kilichoachwa sasa hivi.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika haraka. Nimejifungia chumbani, nimewaambia natafuta diski mpya. Saa tisa, jua bado iko. Wako wote nje, waimbaji wa korali, wazee, shimo limechimbwa huko kijijini Kiringye na lori linangoja.

Sabine ameona. Amepita mkono wake sakafuni, akagonga kwa ufunguo, akasikia mabati ni mawili.

— Papa Ushindi. Umemfunika.

Sikuwa na mzaha. Mimi! Nikasema ndiyo, mama, niliogopa. Hakunitukana. Akasema tu: kata. Umeme ulikuwepo, nikawasha, na hapo Mama Generose akapita katikati yetu, akaingia, akakaa kiti cha dereva, miguu juu ya tole ile.

— Kata basi, mtoto wangu. Kata na hii miguu.

— Mama, toka! Sabine akalia. Niache niende!

— Uende wapi, na mume wako amerudi?

Nikazima, nikaingia humu. Nikiandika natulia kidogo.

Kutoka dirishani ninaona yote. Mama Generose amesogea. Ametoka kiti cha dereva, amehamia cha pembeni. Anarekebisha kitambaa, anaongea polepole akielekea upande wa usukani. Anatabasamu.

Yule mama ni mwepesi kama mfuko mtupu. Alipokaa kwa dereva motokaa haikushtuka. Sasa kiti kile ni kitupu, na upande wa dereva umeshuka. Resori, springi za chini, nimezifunga mwenyewe, mpya! Imelala vile motokaa inavyolala akipanda mwanaume mnene. Emery alikuwa mnene.

Wazee wanarudi nyuma, hatua kwa hatua. Sabine hapana. Ameweka gunia chini. Emery alipokuwa hai walikuwa wanatoka Jumapili hivyo: mama mbele pembeni ya mwanawe, mke nyuma.

Nimemwita dirishani: Sabine! Nakuja, nakata! Sabine!

Hageuki. Anapangusa machozi na kunyoosha kitenge chake cheusi, kama muntu aliyechelewa. Mlango wa nyuma uko wazi. Diski ninayo, umeme iko. Sabine ameinua mguu aingie —