Neno Refu Kwenye Chupa

Chilangala, Jumatano

Salamu na heshima kwako, marehemu mke wangu. Niwie radhi kwa kukaa wiki tatu bila kukuandikia.

Leo asubuhi jirani yetu, Mama Zuhura, alikuja na chupa ya dawa ya mikorosho aliyouziwa na wafanyabiashara wapya.

"Shikamoo, Mwalimu. Mwenye maneno marefu ni wewe. Hili lasemaje?"

Lilikuwa organophosphate. Shuleni misheni tulikariri maneno marefu yenye p na h pamoja na maana zake. Phosphate niliikumbuka kuwa ni mbolea. Nusu ya mbele sikuijua. Niliona haya kusema sijui.

"Ni mbolea, mama. Haina neno."

"Kamusi yetu haizeeki!" akacheka, akaenda kuikoroga kwa mikono mitupu.

Mchana alitetemeka, povu likamtoka. Wanawe walisema ni malaria, wakampakia garini kumpeleka hospitali ya Mkomaindo. Nilisimama pale na chupa mkononi, nikanyamaza. Ee Mungu, nilinyamaza.

Nimemwandikia daktari neno lile herufi kwa herufi, na kosa langu chini yake: kwamba sumu ya wadudu niliiita mbolea. Gari lingine ni la alfajiri. Barua nitaipeleka mwenyewe. Aibu hii haitumwi mtu.

Kama atakuwa bado hai, nitamwomba radhi.